Mlango Usio na Subira: Sehemu ya Sita

"Kaka, usiniambie sprigi ya kitasa umeiacha nje ya mlango."

Kimya.

"Kaka!"

"Si umesema nisikuambie?"

Naam. Wale mliobishana wiki nzima kwamba Fundi angejifungulia mwenyewe kwa kitasa cha ndani, poleni. Kitasa chenyewe ndicho alichokuja kukitengeneza. Alikuwa amekifungua vipande vipande, skrubu mfukoni, bisibisi mkononi, na sprigi, kipande pekee kinachokifanya kitasa kiitwe kitasa, ikamponyoka ikabingirika nje ya kizingiti. Alipogeuka kuifuata, mlango mzito wa chumba cha baridi ulikuwa unajifunga taratibu, kwa adabu zote, kama mtu anayeaga msibani.

Na hakufungiwa peke yake. Alifungiwa na Mama Ghala.

Kwa msomaji aliyechelewa kununua gazeti: Mama Ghala ndiye msimamizi wa bohari lile la dawa, na ndiye mama mzazi wa binti ambaye Fundi anataka kumuoa. Mpaka asubuhi hiyo alikuwa hajasema ndiyo. Hajasema hapana pia. Alikuwa anamtazama tu Fundi kwa lile jicho la mtu anayekagua tarehe ya mwisho ya matumizi.

Chumba kile kinahifadhi dawa zinazotaka baridi ya kugandisha. Koti nene lililotundikwa ukutani lilikuwa moja.

"Koti amevaa nani?" aliuliza dada mtu kwenye simu ya ukutani.

"Mama," alijibu Fundi, meno yakigongana.

"Amenivisha kwa nguvu," sauti ya Mama Ghala ilidakia kwa nyuma. "Mwambie asidhani ndiyo posa hiyo."

Huyu dada mtu mnamjua. Ni mdogo wake Fundi, mtunza hifadhidata wa bohari, ile mashine inayokumbuka kila dawa, kila mfanyakazi na kila mlango. Wenzake wanamwita Tupime, kwa sababu ukimwambia nyumba inaungua atakujibu, "Tupime kwanza." Hata chai haweki sukari bila kuionja.

Na Tupime naye alikuwa kafungiwa.

Yeye alikuwa kwenye chumba cha seva, ghorofa ya juu. Makabati marefu ya mashine yamejipanga safu kwa safu, feni zinavuma utadhani kuna mvua juu ya mabati isiyokatika. Meza yake iko pembeni kabisa, huko mwisho. Akiketi haoni mlango, na mtu wa mlangoni hamwoni yeye. Ukutani juu ya meza kuna kikombe kwenye msumari. Ni cha Bwana Kwaheri, mtunza hifadhidata wa zamani aliyemfundisha Tupime kazi yote, kisha mwaka jana akaagwa kwa keki na hotuba, akaondoka. Kikombe hakiguswi na mtu. Asubuhi ile Tupime alikikuta mpini wake umegeukia ukutani. Akaurudisha, vidole vikalowa kidogo, akavifuta kwenye sketi, akaendelea na kazi.

Sasa mnauliza, ufunguo wa dharura hakuna? Upo! Uko ofisini kwa meneja, kwenye kabati la kioo lenye maandishi mekundu. Na ofisi ya meneja inafunguliwa kwa kadi.

"Nani aliyeamua ufunguo wa dharura ukae nyuma ya mlango wa kadi?" Fundi aliuliza.

"Kamati," alijibu Tupime.

Wazima moto walishapigiwa simu. Walifika haraka sana. Wako nje ya lango kuu, wamekaza kofia zao, wanasubiri lango lifunguliwe. Kwa kadi. Mmoja wao alikuwa ameanza kulikata kwa msumeno, na lango lile lilinunuliwa kwa sifa moja tu: halikatiki.

Kukata umeme? Ukikata umeme, milango ya bohari lile inajifunga zaidi. Waliolijenga waliwaogopa wezi kuliko moto.

"Mdogo wangu," Fundi alisema, na utani ulikuwa umemtoka kwenye sauti. "Vidole vya miguu sivisikii."

"Mama Ghala ana kadi yake?"

"Anayo. Ameigusisha mara mbili, taa imekuwa nyekundu mara mbili."

Visoma kadi vya bohari vina tabia moja mbaya: ukikosea mara ya tatu, kadi inafungiwa hapo hapo, na kuifungua mpaka uipeleke kwa mkono ofisi ya wafanyakazi.

"Msiguse tena! Imebaki mara moja. Msiguse mpaka niseme!"

"Sasa unangoja nini?"

"Nataka kujua kwanza kwa nini inakataa."

"Anapima," Mama Ghala alisikika akinung'unika. "Tunakufa, yeye anapima."

Tupime alivuta kiti, vidole vikaanza kukimbia kwenye kibodi.

Kila kadi inapogusa mlango, mlango unauliza hifadhidata swali moja: nipe ruhusa zote za kadi hii. Majibu yako kwenye jedwali moja kubwa, lenye mistari zaidi ya laki tisa, maana kila mtu ana ruhusa zake kwa kila mlango na kwa kila zamu. Mlango wenyewe hauna subira. Unangoja majibu muda wa kuhesabu vidole vya mkono mmoja, usipoyapata unawasha nyekundu na kukugeuzia mgongo.

Siku zote majibu hufika kabla hujapepesa macho. Leo yanakwama wapi?

Ndani ya hifadhidata kuna programu ndogo, Tupime anaiita Mpanga Njia. Kila swali linapita kwake, naye anaamua lijibiwe kwa njia ipi. Njia ya kwanza ni faharasa: kama ilivyo nyuma ya kitabu, unatafuta neno, unaambiwa ukurasa, unakwenda moja kwa moja. Njia ya pili ni kusoma jedwali zima, mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kama mtu anayetafuta kiatu nyumba nzima hadi chini ya jiko.

Tupime akamwamuru Mpanga Njia: eleza. Usilijibu swali, nieleze tu ungelijibu vipi.

Jibu likatokea kwenye skrini. Kusoma jedwali zima. Mistari inayotarajiwa: mmoja.

"Mmoja?" Tupime alipiga kelele.

"Mmoja nini?" Fundi alishtuka. "Kafa nani?"

"Kaka, Mpanga Njia anadhani jedwali lina mstari mmoja!"

"Ndiyo kusema nini?"

"Wewe ukiingia chumba chenye kiti kimoja, utauliza karani akuonyeshe kiti kilipo?"

"Nitakaa tu."

"Basi na yeye kakaa tu. Anaona faharasa ya nini, jedwali lenyewe hili dogo, ngoja nilisome lote. Kumbe anajitwika mistari laki tisa. Na kila mtu jengo zima anagusisha kadi, akikataliwa anagusisha tena. Kila kadi inasomesha jedwali zima. Seva imezidiwa, mlango unachoka kungoja."

"Huyo Mpanga Njia ni kipofu?" aliuliza Mama Ghala.

"Ndiyo, Mama. Haoni jedwali. Anategemea takwimu anazoletewa na programu mwenzake, mkusanyaji, anayepita mara moja kila alfajiri na kuonja, kama wewe unavyochota kijiko kimoja kujua chumvi ya sufuria nzima."

"Na leo?"

"Leo kachota kijiko sufuria ikiwa tupu."

Ilikuwa hivi. Kila alfajiri jedwali la ruhusa hufutwa lote na kujazwa upya kutoka ofisi ya wafanyakazi. Likishajaa, mkusanyaji wa takwimu anapita. Leo alipita likiwa limefutwa na bado halijajazwa. Akaandika anachokiona: hapa hamna kitu, na Mpanga Njia sifuri huihesabu mmoja. Akaenda zake.

"Basi ni rahisi!" Tupime alikuwa anacheka sasa. "Namwita mkusanyaji arudi kuhesabu upya. Mpanga Njia akipata takwimu za kweli, anarudi kwenye faharasa, mlango unafunguka. Kaka, vumilia kidogo tu."

Akaandika amri. Akabonyeza.

Skrini ikamjibu kwa neno moja: inasubiri.

Akangoja. Inasubiri. Akangoja tena. Inasubiri.

Inamsubiri nani?

Akatazama foleni. Mbele ya amri yake kulikuwa na amri nyingine imelikalia jedwali lote, imelishika kwa mikono miwili: Futa na Jaza. Aliyeitoa: Meneja.

Mnamkumbuka meneja. Huyu ndiye Zima-Washa, mtu mwenye dawa moja kwa kila ugonjwa. Simu ikikwama, zima washa. Gari likikohoa, zima washa. Inasemekana hata akigombana na mkewe hutoka nje, hufunga mlango, halafu huingia upya na kusalimia.

Tupime akampigia kwenye simu yake ya mkononi.

"Bosi, uko wapi?"

"Niko mahali." Sauti ilikuwa na mwangwi wa vigae.

"Mahali gani?"

"Msalani, binti! Mlango umenikatalia! Lakini usihofu, nalishughulikia suala kwa simu yangu. Naona programu ya milango imekwama, kwa hiyo nafuta na kujaza upya. Haikufanikiwa mara ya kwanza, nimerudia. Nikiona inachelewa, nabonyeza tena."

"Bosi, acha kubonyeza!"

"Unaniamrisha?"

"Kila ukibonyeza unalifuta jedwali na kuanza upya! Wakati linajazwa hakuna anayeweza kulisoma wala kulihesabu. Ukiacha kidogo tu, litajaa, nami nitahesabu!"

"Binti, mimi mifumo nimeijua wewe ukiwa chekechea. Mfumo ukikwama unauzima, unauwasha. Nabonyeza tena."

"Usibonyeze!"

"Nimebonyeza."

Kwenye skrini, jedwali lililokuwa limefika nusu likaanguka kuwa tupu.

Tupime alifunika uso kwa viganja. Kwenye simu ya ukutani hakusikia tena meno ya kaka yake yakigongana, na hilo lilimtisha kuliko yalipokuwa yanagongana.

"Kaka?"

"Yupo," alisema Mama Ghala. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ameketi chini. Wewe kijana, inuka. Inuka nasema! Njoo ndani ya koti."

"Mama, si heshima," Fundi alijibu, ulimi mzito.

"Heshima ndiyo itakayokuzika? Njoo hapa. Ingiza mkono. Huu mwingine. Tumbo lako limekuwa jiwe, mwanangu."

Wasomaji, mmesikia? Mwanangu. Lakini Fundi hakusikia, alikuwa ameanza kusema usingizi umemjia mzuri, na mtu akianza kuusifia usingizi ndani ya chumba kile ujue mambo yameharibika.

Hapo Tupime akakumbuka jambo ambalo bohari zima linalijua na hakuna anayelisema mbele ya bosi. Zima-Washa anaye dada mkubwa. Dada huyo ndiye aliyemlea, aliyemsomesha, na mpaka leo akimwita lazima aitike "naam" akiwa amesimama.

Akawasha spika ya simu yake ya mkononi, akaibandika kwenye kipokea sauti cha simu ya ukutani.

"Mama Ghala, sema na mdogo wako."

"Wewe!" Mama Ghala alinguruma.

Upande wa pili, kitu kilianguka kwenye vigae. Bila shaka meneja alikuwa amesimama.

"Naam, dada! Dada? Wewe si uko likizo?"

"Niko ndani ya friji! Nimeahirisha likizo kwa ajili ya hesabu zenu mbovu, sasa nimefungiwa na huyu kijana, anageuka barafu kifuani kwangu, na nasikia ni wewe uliyekalia kitufe!"

"Dada, nilikuwa nauzima ili niuwashe..."

"Toa kidole!"

"Nimetoa."

"Umekiweka wapi nikijue?"

"Kiko... kiko mfukoni, dada."

"Kikae huko huko mpaka nitoke. Nikifa humu nitakuja kukutembelea kila jioni, na sitagonga mlango."

Meneja hakubonyeza tena. Nadhani hata kupumua alipunguza.

Jedwali likaanza kujaa. Tupime alilitazama kama mtu anayetazama maji ya chai wakati wageni wameshakaa. Likafika robo. Nusu. Mbona leo linachukua muda mrefu hivi? Swali hilo lilimpita kichwani, akalisukuma pembeni. Baadaye. Kwanza kaka.

Limejaa!

Amri yake ya kuhesabu, iliyokuwa imepanga foleni muda wote, ikaingia. Mkusanyaji akachota kijiko, safari hii sufuria ikiwa imejaa. Takwimu mpya zikaandikwa.

Tupime akamwambia tena Mpanga Njia: eleza. Swali la kadi ya Mama Ghala.

Njia: faharasa. Mistari inayotarajiwa: michache.

"Ndiyo!" alipiga meza.

"Tuguse?" Mama Ghala aliuliza kwa pupa. "Kadi ninayo mkononi."

"Gusa!" alipiga kelele meneja kutoka msalani. "Dada, gusa!"

"Ngojeni. Tupime kwanza."

Hapo, wasomaji, hata mimi ninayesimulia nilitaka kumnasa kofi. Kaka yake anasinzia kwenye barafu, njia imepatikana, bado anataka kupima! Meneja alitukana. Mama Ghala alisema maneno ambayo mhariri ameniomba niyaache.

Lakini Tupime alikuwa anajua kitu kimoja kuhusu Mpanga Njia: akikuambia angepita wapi, hajakuambia angefika saa ngapi. Akaliuliza swali la kadi ya Mama kwa kweli, si kwa maelezo, na akatazama muda.

Faharasa ilitumika. Na jibu bado lilichelewa. Lilipita subira ya mlango kwa mbali.

Kama Mama angegusa, ingekuwa ya tatu. Kadi ingefungiwa. Na huko ndani ndiko wangekaa mpaka lango likatwe.

"Bado," alisema Tupime kwa sauti kavu. "Mngeiunguza."

Kwa nini? Njia ni sahihi, mbona miguu mizito? Akatazama kinachoendelea ndani ya seva, akaona. Maswali ya asubuhi nzima. Kila kadi iliyogusishwa kwa hasira, kila mtu aliyerudia na kurudia, maswali yao yalikuwa bado humo. Yalipangiwa njia kabla takwimu hazijasahihishwa, na swali likishapangiwa njia haligeuki katikati ya safari. Yalikuwa yanajikokota mstari kwa mstari, mamia ya wazee wasiojua kwamba barabara mpya imefunguliwa.

Tupime akaviringisha mikono ya blauzi yake.

"Samahanini, wazee wangu," alisema, akayafuta yote.

Feni za seva zilishuka sauti, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akachukua kipaza sauti cha matangazo ya jengo.

"Watu wote, naomba! Msiguse mlango wowote kwa sasa. Yeyote! Hata aliye msalani!"

Akapima tena. Swali la kadi ya Mama Ghala likaondoka na kurudi kabla hajatoa kidole kwenye kitufe. Akapima mara nyingine, kwa kadi ya mlinzi. Vilevile. Kwa yake mwenyewe. Vilevile.

"Mama," alisema. "Gusisha."

"Una hakika?"

"Nimepima."

Kwenye simu alisikia nyayo zikiburuzwa, watu wawili ndani ya koti moja. Akasikia plastiki ikigonga kioo.

Mlio mmoja mfupi. Kisha sauti ya chuma kikubwa kikiachia.

"Kijani!" Mama Ghala alipiga kelele kama msichana. "Kijani, kijani! Tangulia, mkwe wangu! Tangulia nasema, nani kakuambia unipishe?"

Mkwe wangu! Mtu mzima akasema mbele ya mashahidi, na spika ikiwa wazi! Fundi, ambaye midomo yake ilikuwa bado ya buluu, alisikika akiuliza taratibu, "Mama, umesemaje?"

"Sirudii. Kanyaga hapa. Na okota hiyo sprigi yako."

Tupime aliegemea kiti, machozi yakamtiririka yenyewe asijue, akacheka, akajifuta kwa kiwiko. Kutoka simu ya mkononi meneja aliuliza kwa unyenyekevu kama sasa anaweza kutoa kidole mfukoni.

"Subiri kidogo, bosi," Tupime alimjibu. "Nataka kujua jambo moja."

Mngekuwa ninyi mngekwenda nyumbani. Yeye likamrudia lile swali alilolisukuma pembeni.

Kwa nini leo?

Mkusanyaji hupita saa ile ile kila alfajiri, na ujazaji humaliza mapema kabla yake. Haijawahi kutokea ukachelewa. Leo ulichelewa kwa sababu mzigo uliongezeka. Nani kauongeza?

Akafungua takwimu mpya. Mkusanyaji hahesabu idadi tu, anaandika pia nani anayejitokeza zaidi, maana Mpanga Njia hulihitaji hilo: kama kitu kiko kila mahali, faharasa haina faida, bora usome lote. Kadi za kawaida zilikuwa na mistari michache michache.

Kadi moja ilikuwa na theluthi ya jedwali zima.

Ruhusa ya kila mlango. Kila zamu. Mchana na usiku, kwa miaka mingi ijayo. Akatazama jina.

Bwana Kwaheri.

Kadi ile meneja alisema ataifuta mwenyewe siku ya keki na hotuba. Haikufutwa. Imelishwa ikanenepa, na ni jana tu, maana unene huo ndio uliochelewesha alfajiri ya leo.

Mtu mwenye kadi hiyo anaingia popote. Dawa zote za bohari ni zake akitaka. Asubuhi nzima, kila kadi ikisoma jedwali zima, yake isingeonekana. Lakini sasa kadi za watu wote zinapita kwenye faharasa. Ni moja tu ambayo Mpanga Njia, kwa akili zake timamu na takwimu za kweli, bado angeisomea jedwali zima.

Na hapo hapo skrini ikaleta mstari mpya.

Swali moja. Njia: kusoma jedwali zima.

Tupime alisimama, kiti kikaanguka. Swali lilitoka mlango gani?

Chumba cha seva.

Yuko mlangoni kwangu!

Sasa hakukuwa na msongamano wa kulichelewesha swali lile. Lingemaliza ndani ya subira ya mlango. Taa ingekuwa kijani. Chumba kina mlango mmoja, na yeye yuko pembeni huko mwisho, na mikononi hana hata bisibisi.

Wazo lilimjia na hakulipa nafasi ya kujadiliana naye. Akalifuta lile swali likiwa katikati, kisha kidole kikaruka kwenye amri ambayo dakika chache nyuma alikuwa anamkemea bosi wake asiibonyeze.

Futa na Jaza.

Jedwali likaanguka kuwa tupu. Sasa hakuna kadi yenye ruhusa, si ya Kwaheri, si ya yeyote. Mlango wa chumba cha seva ukabaki umefungwa, imara kama ukuta. Kajifungia mwenyewe, kwa hiari yake, na ndani ndiko kuliko na usalama.

Akashusha pumzi. Akalitazama tena lile swali alilolifuta, maana skrini bado ilikuwa imelibakiza, na chini ya jina la mlango kulikuwa na neno moja ambalo kwa haraka zake hakulisoma.

Kila mlango una visoma kadi viwili, cha kuingilia na cha kutokea.

Upande: ndani.

Macho yakampanda polepole hadi kwenye kikombe juu ya msumari. Akaukumbuka unyevu kwenye vidole vyake asubuhi.

Feni zilikuwa zimetulia. Kwa mara ya kwanza siku ile chumba kilikuwa kimya, na katika ukimya huo, nyuma ya safu ya mwisho ya makabati, kwenye mlango asiouona, kiatu kiligeuka juu ya sakafu.

"Mwanafunzi wangu," ilisema sauti aliyoijua vizuri sana, bila hasira, karibu kwa huruma. "Leo hukupima kwanza."